Kinyozi Hajinyoi: Nani Humliwaza Mwalimu?

"BABA, leo mwalimu wetu amelia darasani."

Maneno hayo aliyatamka kijana wangu wa Gredi ya Sita jioni moja tukiwa mezani tunakula githeri. Dada yake mdogo akaangua kicheko. Mama yao akamtupia jicho kali, naye akanyamaza. Nilimwuliza kijana ni nani aliyemkosea mwalimu. Akasema hakuna. Mwalimu alikuwa akifundisha Hisabati. Aliandika hesabu ubaoni, akakosea, na mtoto mmoja akainua mkono kumwonyesha kosa. Akaifuta, akaiandika upya, akakosea tena. Hapo aliweka chaki mezani, akaketi, akaufunika uso kwa mikono miwili na mabega yake yakaanza kutikisika.

Baadhi ya watoto walicheka. Wengine waliingiwa na hofu, kwani hawakuwa wamewahi kumwona mtu mzima akilia isipokuwa matangani. Kiranja alikimbia kumwita naibu wa mwalimu mkuu, na mwalimu akashikwa mkono na kutolewa darasani.

Kufikia saa tatu usiku habari ilikuwa imeenea katika kikundi cha wazazi cha WhatsApp. Mzazi mmoja aliandika kuwa mwalimu huyo ni mlevi. Mwingine akasema bila shaka kuna mkono wa mtu. Wa tatu akataka ahamishwe mara moja, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyeuliza kama mwalimu alikuwa amefika nyumbani salama.

Nilikutana naye wiki mbili baadaye kwenye stendi ya matatu. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu, akarudi kazini. Tulisimama kando, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kwa miezi mingi alikuwa halali zaidi ya saa tatu kwa usiku. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia mtu, alitabasamu.

"Mzazi," akasema, "ningevunjika mguu, wenzangu wangenichangia pesa na kuniletea matunda hospitalini. Hiki kilichovunjika hakina plasta. Ningemwonyesha nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kazi isiyokwisha kengele ikilia

Wengi wetu hudhani kuwa kazi ya mwalimu huanza saa mbili asubuhi na kumalizika watoto wanapotoka. Hebu tufuate siku ya mwalimu wa jiji. Huamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi matatu kabla ya msongamano. Akiwa wa zamu, ni lazima awe langoni kabla ya watoto. Atafundisha vipindi vyake, atasahihisha madaftari, ataamua ugomvi, atamfariji mtoto aliyekuja bila kiamshakinywa na kumsikiliza mzazi aliyekuja na hasira. Jioni atabeba kifurushi cha madaftari, na usiku aandae somo la kesho huku simu ikilia kwa ujumbe wa wazazi wanaotaka kujua kwa nini mtoto amepata alama fulani.

Mzigo huu haukuanza jana. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha uajiri wa moja kwa moja wa walimu waliohitimu vyuoni, na kwa muda mrefu wakawa wakiajiriwa hasa wa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikafanywa kuwa bila malipo. Ilikuwa siku ya furaha kwa nchi nzima. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka 2003. Watoto zaidi ya milioni moja waliingia madarasani kwa mkupuo mmoja, lakini walimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho. Mwalimu aliyezoea watoto 40 alijikuta mbele ya 80, wengine wakiwa wameketi sakafuni.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2001, adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni. Lilikuwa jambo jema, na hakuna mzazi mwenye busara ambaye angetaka mwanawe arudi nyumbani na alama mwilini. Hata hivyo, walimu wengi waliambiwa waweke kiboko chini bila kufundishwa njia nyingine ya kulituliza darasa la watoto 80.

Baadaye yakaja mengine. Mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu ulianza kutumika kote nchini mwaka 2016 na kuleta fomu za kujaza kila muhula. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa mwaka 2019, ukadai tathmini za kila mara na ripoti za kila mtoto. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na walimu wa shule za kibinafsi pamoja na wale walioajiriwa na bodi za shule wakabaki miezi mingi bila mshahara. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, mihula ilibanwa ili kufidia wakati uliopotea, na likizo zikafupishwa.

Kuna pia uchungu wa kutengana na jamaa. Sera ya kuwapeleka walimu kufundisha mbali na nyumbani kwao, iliyotekelezwa kwa nguvu kuanzia 2018, iliwatenganisha waume na wake na kuwaacha watoto wakilelewa na nyanya zao. Malalamiko yalikuwa mengi hivi kwamba mwaka 2022 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kutaka sera hiyo ikomeshwe.

Tena wapo walioona ya kuogofya zaidi. Novemba 22, 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na magaidi, na abiria 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa Krismasi. Mwanzoni mwa 2015 wenzao walipiga kambi nje ya makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, jijini Nairobi, wakikataa kurudi kaskazini mashariki. Mjadala wa wakati huo ulihusu uhamisho na nidhamu ya kazi. Ni wachache waliouliza walimu hao walikuwa wakilala vipi usiku.

Mshahara nao una yake. Mgomo mkubwa wa 1997 ulimalizika kwa makubaliano ya nyongeza ambayo yalichukua miaka mingi kutekelezwa kikamilifu. Mgomo wa 2015 ulidumu wiki tano. Kati ya migomo hiyo mwalimu amekuwa akisomesha watoto wake kwa mikopo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara wa mfanyakazi. Yaani sheria yenyewe inatambua kuwa mtu anaweza kufanya kazi mwezi mzima na kupeleka nyumbani theluthi moja tu. Walimu wanaoishi kwa theluthi hiyo si wachache, na anayekopa nje kwa walanguzi hubaki hata na chini ya hapo.

Maradhi yasiyo na plasta

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika kuhusu hali aliyoiona kwa wahudumu wa zahanati ya bure, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Walikuwa watu waliojitolea kwa moyo wote kuwasaidia wengine, na baada ya muda wakawa kama nyumba iliyoungua ndani huku kuta zingali zimesimama. Hali hiyo haikuwapata wavivu. Iliwapata waliojitoa zaidi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliifafanua hali hiyo mwaka 2019 katika orodha yake mpya ya magonjwa na matatizo ya kiafya. Halikuiita ugonjwa, bali jambo linalotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Lilitaja dalili tatu. Kwanza, mtu huishiwa nguvu kabisa. Pili, huichukia kazi yake au kujitenga nayo moyoni. Tatu, huona kuwa lolote afanyalo halifai kitu.

Mpenzi msomaji, zitazame dalili hizo kwa jicho la mtoto aliye darasani. Mwalimu aliyeishiwa nguvu huandika kazi ubaoni na kuketi. Aliyejitenga moyoni hajui tena kwamba yule msichana wa nyuma amekuwa kimya wiki nzima. Anayejiona hafai hukasirika upesi mtoto anapokosa jibu, kwani kosa la mtoto huwa ushahidi mwingine dhidi yake. Sisi wazazi tunamwita mkali, mlevi au mvivu. Huenda ni mgonjwa, au yu njiani kuwa mgonjwa.

Msongo usipopewa dawa mapema waweza kuzaa sonona, maradhi yenyewe ya huzuni nzito. Mtu hukosa usingizi au hulala kupita kiasi. Hamu ya chakula hupotea. Mambo aliyoyapenda, kama kwaya, mpira au bustani, hayamvutii tena. Kichwa na mgongo humwuma bila sababu inayopatikana hospitalini. Hushindwa kufanya jambo dogo alilokuwa akilifanya kila siku, mathalani hesabu ya Gredi ya Sita. Wengine hukimbilia pombe. Wengine huanza kusema kwamba afadhali wasingekuwepo, na maneno hayo hayafai kupuuzwa hata yakisemwa kwa mzaha.

Kwa nini basi mwalimu hasemi? Sababu kubwa ni aibu. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi imekuwepo tangu 1910, na kwa vizazi kadhaa jina lake limetumiwa kama tusi. Ukitaka kumdharau mtu mjini unamwambia anafaa kupelekwa Mathari. Mwalimu ambaye kazi yake inategemea kuheshimiwa na watoto, wazazi na wakubwa wake huona heri afe na lake moyoni. Ama kweli, mficha maradhi kifo humwumbua.

Tulishawahi kuvunja kimya

Kuna wanaosema kuwa haiwezekani maradhi ya aina hii yakazungumzwa katika chumba cha walimu. Wanaosema hivyo wamesahau historia ya majuzi tu.

Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa Ukimwi uliwaangamiza walimu wa nchi hii. Mwalimu alikonda, akawa haonekani shuleni, wenzake wakanong'ona, kisha kukawa na safari ya mazishi mashambani. Hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina. Ilisemwa ni malaria, kifua kikuu au uchawi. Hadi Rais Moi alipoutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, walimu wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa na siri zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yakaanza kubadilika. TSC iliunda kitengo cha kushughulikia Ukimwi miongoni mwa walimu. Mwaka 2004 Wizara ya Elimu ilitoa sera ya Ukimwi ambayo haikumtaja mwalimu kama mtu wa kuwafundisha watoto kujikinga tu, bali pia kama mfanyakazi ambaye naye angeweza kuugua na kuhitaji kulindwa kazini. Na jambo lililokuwa la ujasiri zaidi lilifanywa na walimu wenyewe. Wale waliokuwa wakiishi na virusi waliunda mtandao wao, KENEPOTE, wakasimama mbele ya wenzao na kutaja hali zao. Walitembelea shule. Waliwatetea wenzao waliobaguliwa. Walipoonekana wakiendelea kufundisha na kupata nafuu kwa dawa, wengine wakapata moyo wa kupimwa.

Angalia ni nini kilichofanya kazi hapo. Hotuba ya mkubwa ilisaidia, lakini haikutosha. Kulikuwa na sera iliyoandikwa, ili mgonjwa asifukuzwe. Kulikuwa na matibabu ya kuendea. Na zaidi ya yote, kulikuwa na mwalimu mwenzako aliyeweza kukwambia, "Mimi pia nimepitia hapo." Mambo hayo matatu ndiyo yanayohitajika leo kwa maradhi ya nafsi.

Shule ni mahali pa kazi

Tunapotaja shule sote huwafikiria watoto. Tunasahau kuwa shule pia ni mahali pa kazi, sawa na kiwanda, benki au bandari.

Wakubwa wa dunia walilitambua jambo hilo zamani. Mwaka 1966 UNESCO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalipitisha pendekezo kuhusu hadhi ya walimu, na tarehe ya kupitishwa kwake, Oktoba 5, ndiyo huadhimishwa kama Siku ya Walimu Duniani tangu 1994. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni kwamba walimu wapimwe afya zao kila baada ya muda, na upimaji huo uwe wa bure.

Sheria zetu pia zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Shule nyingi za jiji, ukihesabu walimu, makarani, wapishi na mabawabu, zinapita idadi hiyo. Nayo Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, haikubali kampuni za bima zimbague mtu kwa sababu ya maradhi ya akili.

Kamati kama hiyo shuleni isiishie kuhesabu mitungi ya kuzimia moto. Inaweza pia kuuliza ni walimu wangapi wamekosa kazi kwa ugonjwa muhula huu, ni nani ana vipindi vingi kupita wenzake, na chumba cha walimu kina nafasi ya mtu kuketi na kunywa chai bila kusukumwa. WHO linakadiria kuwa ulimwengu hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi, hasara ya takriban dola trilioni moja. Mwongozo wake wa Septemba 2022 kuhusu afya ya akili kazini hauanzii kwa mgonjwa. Unaanzia kwa kazi yenyewe: mzigo upunguzwe pale unapozidi, wasimamizi wafundishwe kutambua mfanyakazi aliyelemewa, na anayerudi kutoka matibabu apokewe polepole.

Semina pekee haitoshi

Hapa pana mtego ambao shule nyingi zinaweza kuanguka. Ni rahisi sana kumwalika mshauri, kuwapa walimu soda na fulana, kuwahubiria saa mbili kuhusu kuvuta pumzi, kisha kupiga picha na kusema mpango umetekelezwa.

Uingereza ilijifunza somo hilo kwa gharama. Watafiti walichukua shule 25 za sekondari England na Wales. Katika kundi moja, baadhi ya wafanyakazi walifundishwa huduma ya kwanza ya afya ya akili ili wawasikilize wenzao, na shule zikaweka mpango wa walimu kusaidiana. Kundi la pili liliendelea kama kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliwashangaza wengi. Baada ya miaka miwili, hali ya walimu wa kundi la kwanza haikuwa bora kuliko ya wale wa kundi la pili.

Je, hii ina maana kuwa kusikilizana hakufai? La hasha. Ina maana kwamba ukimfundisha mtu kumpa pole mwenziwe aliyebeba gunia, na gunia lingali mgongoni, utakuwa umempa pole tu. Vipindi vilikuwa vilevile, ukaguzi uleule na madaftari yaleyale.

Nchini Ghana matokeo yalikuwa tofauti. Mwaka 2015 walimu wa chekechea katika shule 240 za jiji la Accra na viunga vyake walishirikishwa katika jaribio. Baadhi yao walipewa mafunzo ya siku kadhaa kuhusu namna ya kulitunza darasa na kufundisha kwa michezo, kisha wakufunzi wakawa wakiwatembelea madarasani mwao mwaka mzima kuona wanavyoendelea na kuwasaidia. Walimu hao walionekana kulemewa na kazi kwa kiasi kidogo kuliko wale ambao hawakupata mafunzo. Mafunzo yenyewe yalihusu kufundisha, siyo jinsi ya kutuliza mawazo. Yamkini kilichowafaa ni kuwa kazi iliyokuwa ikiwashinda iliwawia nyepesi, na kuwa mtu aliingia darasani mwao kuwasaidia badala ya kuwatafutia makosa.

Yanayoweza kuanza bila bajeti

Baadhi ya mambo hayana budi kusubiri serikali: kuajiri walimu zaidi, kulipa kwa wakati, na kuweka washauri waliohitimu katika kila kaunti ndogo. Walimu na vyama vyao, KNUT na KUPPET, wana haki ya kuendelea kuyadai. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na yapo ambayo shule inaweza kuyaanza muhula ujao.

La kwanza ni kuitazama ratiba upya. Mwalimu mkuu na wenzake waandike majukumu yote mbali na vipindi: zamu, michezo, muziki, skauti, vitabu, bweni. Mara nyingi itaonekana kuwa majina mawili au matatu yanajirudia, kwa kuwa hao ni watu wasiojua kukataa. Wagawe upya.

La pili, walimu wachague wenyewe mwenzao mmoja wa kike na mmoja wa kiume wanaoaminika kwa kutunza siri. Mwalimu mkuu asiwe mmoja wao, kwani ni vigumu kumfungulia moyo mtu anayeijaza fomu yako ya tathmini. Hawa wawili wasijifanye madaktari. Kazi yao ni kusikiliza na kujua pa kumpeleka mtu: zahanati iliyo karibu, hospitali ya kaunti, Mathari, au shirika kama Befrienders Kenya linalowasikiliza walio katika hatari ya kujiua.

La tatu, yanayosemwa kwa wawili hao yasiingie katika faili ya mwalimu. Siri ikivuja mara moja tu, mpango wote umekwisha. Ila pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini, hapo ni lazima msaada uitwe bila kuchelewa, na hili walimu wote walijue tangu mwanzo.

La nne, mwalimu mkuu ajifunze swali moja. Mwalimu anapochelewa mara ya tatu, kabla ya barua ya onyo aulize, "Mwalimu, nyumbani kwema?" Anayeuliza hivyo hapotezi mamlaka yake hata chembe.

La tano ni deni. Chama cha ushirika kinachotoa mikopo kinaweza kualikwa shuleni kueleza jinsi ya kupanga mikopo upya, kwa maana usingizi wa walimu wengi huibwa na hati ya mshahara.

La sita, kama maswali ya wazazi yanawafuata walimu hadi kitandani, shule iweke saa. Ujumbe usio wa dharura usitumwe baada ya saa kumi na mbili jioni. Hakuna mtoto atakayefeli kwa kuwa mzazi alingoja asubuhi.

Wewe mzazi, nawe mwanafunzi

Tusimwachie mwalimu mkuu kila kitu. Mzazi, ukienda shuleni kulalamika, anza kwa kusalimu na kumaliza salamu. Usimjadili mwalimu vibaya mbele ya mtoto, kwani kesho mtoto huyo atampima kwa kipimo ulichompa. Na ukiwa katika kamati ya wazazi, muulize mwalimu mkuu swali hili katika mkutano ujao: walimu wetu wana nini hapa shuleni cha kuwalinda wasilemewe? Tunauliza kuhusu madawati, choo na maziwa. Hili pia ni la kuuliza.

Nawe mwanafunzi, si kazi yako kumtibu mwalimu. Ukimwona amebadilika, mweleze mzazi au mwalimu mwingine unayemwamini, wala usimrekodi kwa simu na kumweka mtandaoni. Neno dogo kama "asante, mwalimu" mwishoni mwa kipindi halina gharama, na kuna siku ambazo ndilo neno jema la pekee atakalolisikia.

Na yule mwalimu wa Hisabati? Hakuhamishwa. Mwalimu mmoja wa kike wa shule hiyo, ambaye miaka michache kabla alikuwa amefiwa na mumewe na kupitia giza lake mwenyewe, alimfuata siku moja baada ya vipindi na kumwambia kwamba anaujua usiku usio na usingizi. Alimsindikiza hospitalini, wakaketi pamoja kwenye foleni. Mwalimu alianzishiwa matibabu. Uongozi wa shule ukampunguzia zamu na kumpa mwingine timu ya mpira kwa muhula mmoja. Hayo mawili ya mwisho hayakugharimu shilingi hata moja.

Muhula uliofuata nilikwenda siku ya wazazi. Nilimkuta ameketi kwenye dawati lake, orodha ya alama mkononi. Alinionyesha kijana wangu alikopotea katika hesabu, akaniambia ni wapi pa kumsaidia nyumbani. Nilipoinuka nikakumbuka jambo ambalo sikulifanya usiku ule wa WhatsApp.

"Mwalimu," nikamwuliza, "siku hizi unalala?"

Aliniangalia kidogo kabla ya kujibu. "Nalala, mzazi," akasema. "Asante kwa kuuliza."